Baridi Kuliko Kwote Nchini

Kila asubuhi saa moja, baada ya habari, redio ya mji wetu mkuu wa kaunti husoma halijoto. Huanza na miji mikubwa ambayo hapa haimhusu mtu, kisha mtangazaji hutua, anavuta pumzi, anasema: "Na baridi kuliko kwote nchini leo ilikuwa..." Hapo, katika kijiji chetu cha Felrét, vijiko husimama ndani ya vikombe. Akitaja Felrét, tunaendelea kunywa kahawa yetu taratibu, kama watu waliofanya kazi. Akitaja Mohosd, wale wa bonde la pili, siku imeharibika. Kilabuni watasema watu wa Mohosd wamekiweka kipimajoto chao ndani ya friji, na atakayewatetea atajilipia kinywaji chake mwenyewe.

Msitucheke. Hatuna kingine cha kujivunia. Udongo wa hapa unazaa viazi na mawe, na mawe ndiyo yanayokomaa mapema. Milima imetuzunguka pande zote, na baridi ikishateremka inatulia chini kwenye bonde kama maji kwenye beseni. Januari tunakaa ndani ya ukungu wiki nzima, huku aliyepanda mlimani anaota jua kofia mkononi. Vijana waliangalia hesabu hiyo wakaenda zao, Ujerumani, Austria, hata Uingereza, wakatuachia sisi wazee baridi yote tuigawane.

Mimi naitwa Dénes. Nilifanya kazi kiwanda cha mbao mpaka kikafungwa. Mke wangu Margit alishatangulia, na hatukujaliwa mtoto. Jirani yangu ni Amália, mjane. Kati yetu kuna uzio wa mbao ambao mimi na marehemu mumewe tuliujenga tukiwa tumelewa, ndiyo maana umepinda. Bustani zetu zote mbili zinateremka hadi kwenye kituo cha hali ya hewa, ambacho ni kijisanduku cheupe chenye miguu minne ndani ya ua wa waya. Kwa hiyo hicho kipimajoto kinachowanyima watu wa Mohosd usingizi kipo hapo, chini ya kabichi za Amália na plamu zangu.

Ndiyo, nina plamu. Kijiji kizima hakuna mwingine mwenye plamu, kwa sababu kijiji kizima kina akili. Margit alitoka kwenye joto, upande wa magharibi, nchi ya plamu, na alipoolewa alikuja na miche sita imefungwa gunia, akaipanda huku mama yangu akimwangalia na kutikisa kichwa. Miaka mingi maua yaliungua na jalidi, ule umande unaoganda, kabla hayajafunga tunda. Mwaka mmoja mmoja yalipona, na mwaka huo Margit aliweka sufuria kubwa nje, akapika jamu mchana kutwa, hataki mtu aguse mwiko. Ili maua yapone nilikuwa narundika majani mabichi na vumbi la mbao chini ya miti, na alfajiri ya jalidi nawasha. Rundo haliwaki, linafuka tu, na ule moshi unalala juu ya bustani kama blanketi. Toka Margit aondoke, miti haikuwahi kuchanua vizuri, nami sikuwahi kuwasha.

Sasa nirudi kwa Amália. Ana mwana mmoja, Botond, dereva wa malori makubwa Ujerumani. Botond si mtoto mbaya, ila ana mdomo mzito kama baba yake. Zamani alikuwa anampigia mama yake Krismasi tu, anamtakia heri, halafu kimya. Mama anasema "haya," mwana anasema "haya," simu inakatwa. Wako watu wengi wa namna hiyo, wanapendana lakini hawana la kusema. Hawa wawili baridi iliwapa la kusema. Botond alikuwa akiendesha huku anasikiliza redio ya nyumbani kwenye simu yake, na siku Felrét ikitajwa, anapiga kabla mtangazaji hajafika kwenye matangazo ya vifo.

"Mama, nimesikia mmeshinda."

"Tumeshinda."

"Kuni zipo?"

"Zipo."

"Bomba halijaganda?"

Hapo ndipo wanapofunguka. Bomba limevishwa koti la marehemu. Kuku wamelala jikoni na jogoo amemdonoa paka. Wanakumbushana lile gari la baba yake, namna walivyolikokea moto chini ya injini mpaka rangi ikababuka. Nusu saa nzima, na Amália anapaza sauti kama anayemwita mtu mlimani, kwa hiyo hata mimi jikoni kwangu nilikuwa napata habari. Mwishoni Amália alikuwa anauliza swali lilelile kila mara: "Na huko kwako, baridi ikoje?" Na baadaye ananisimulia jibu juu ya uzio, kana kwamba sijalisikia mara mia.

"Amesema huko hakuna baridi, jirani. Amesema hakuna baridi kama yetu."

"Naam."

"Yetu, amesema."

"Nimesikia, Amália. Masikio ninayo."

Mimi nina simu vilevile. Margit ndiye aliyetaka iwekwe. Ikilia, ni mtu anayeuza madirisha.

Basi mwaka ninaousimulia, baridi haikuja. Desemba ilikuwa matope. Krismasi ilinyesha mvua, watu wakaenda misa na miavuli kama watu wa Bukaresti, mji mkuu wa nchi. Kilabuni wanaume walikaa wamefungua vifungo vya makoti, nyuso za msibani. Na kile kidogo kilichopatikana kilichukuliwa na Mohosd, leo sita chini ya sifuri, kesho saba, takwimu za kutia aibu ambazo zamani tusingezitaja mbele ya wageni. Mimi moyoni nilifurahi. Kuni zangu zilikuwa chache na mgongo wangu haupendi tena shoka. Ila sikusema.

Amália yeye alikonda. Kila asubuhi saa moja namwona dirishani, sikio kwenye redio, mkono kwenye simu. Redio ikishasema Mohosd, mkono unashuka. Akitoka kulisha kuku, ananiuliza hata kama amesikia mwenyewe.

"Leo nani?"

"Mohosd. Sita."

"Sita," akasema. "Hiyo ni baridi au dharau?"

"Shukuru, jirani. Kuni zako zitabaki."

"Kuni nitazila?"

"Basi mpigie wewe. Namba yake si unayo?"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aende kanisani na nguo za kulalia. "Nimpigie nimwambie nini, Dénes? Kwamba kuna matope?"

Nikamwambia jogoo wake ametoroka, akaondoka kumfuata, na jogoo hakuwa ametoroka.

Februari ikaingia, theluji kidogo, ukungu mwingi, hakuna kitu. Siku moja Amália akaja kwangu amevaa kitambaa chake cha Jumapili, kapu mkononi. Akaniomba nimshike mkono mpaka kituoni maana njia ina utelezi. Ndani ya kapu nikaona keki ya karanga na chupa ya pombe kali ya mumewe, ile aliyowahi kuniahidi kwamba hataifungua hata kwenye mazishi yangu mimi. Nikajua anakwenda kufanya nini. Nikamsindikiza, kwa sababu jambo kama hilo mtu halikosi.

Kituo kinaangaliwa na Emőke, binti wa fundi viatu, msichana mpole aliyesoma akarudi, kitu ambacho hapa watu bado wanakitafutia sababu. Alikuwa ndani ya kibanda chake anakunywa chai. Amália akaweka kapu mezani, akaanza mbali: afya ya mama yake, bei ya chakula cha kuku. Kisha akakohoa.

"Emőke mwanangu, hicho chombo chako, hakiwezi kikakosea kidogo?"

"Kukosea vipi, Mama Amália?"

"Kwenda chini. Digrii mbili tatu. Mara moja tu. Chombo ni chombo, nacho kinachoka."

Emőke akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Mama, hiki siku hizi kinatuma chenyewe mpaka Bukaresti," akasema taratibu. "Mimi naandika pembeni tu. Nikiandika uongo, chenyewe kitanisuta."

"Basi tukisaidie. Tukiweke chini zaidi, kule mtoni."

"Nikikihamisha nafukuzwa kazi. Halafu atakuja mtu wa Mohosd kukaa hapa."

Hilo lilimtisha Amália kweli. Emőke, kwa huruma zake, akajaribu kumfariji kwa maelezo, kama wanavyofanya waliosoma. Akasema baridi haina upendeleo, lakini kipimo chenyewe ni chepesi kudanganyika. Gari likisimama karibu, kinapanda. Hata ng'ombe wakilala kando ya waya, kinapanda. "Na Mzee Dénes ndiye adui yetu mkubwa," akanichokoza. "Nimeona kumbukumbu za zamani. Mwaka aliowasha moshi wa plamu, tulipanda digrii mbili asubuhi moja, Mohosd wakatupita."

"Kumbe ni wewe," Amália akasema.

"Tulikula jamu mwaka huo," nikajibu. "Na wewe ulikula."

Tulirudi na kapu. Keki alimwachia Emőke, chupa akarudi nayo. Njiani alinishika mkono kwa nguvu kuliko utelezi ulivyotaka.

Machi ikapita, Aprili ikapita. Joto lilikuja mapema, la kutuhadaa. Mwanzoni mwa Mei plamu za Margit zilichanua kama sijawahi kuziona, zote sita, kila kitawi kimeshonwa maua, na nyuki wakafika kutoka sijui wapi, kwa sababu hapa hata nyuki ni wa kukodi. Niliosha mitungi ya jamu. Nilikuwa sijaigusa toka Margit aondoke. Niliipanga jikoni midomo chini, nikaiangalia, na nisiwafiche, nilikaa kwenye kigoda nikalia. Nilikuwa na furaha, na sikuwa na wa kumwambia "njoo uone" ila Amália, naye siku hizo hakuwa anaona kitu kisicho na theluji juu yake.

Katikati ya Mei tunao Watakatifu wa Baridi, Pongrác, Szervác na Bonifác, siku tatu zinazofuatana. Kabla hawajapita, mtu mzima hapandi maharage. Lakini mwaka ule watu walilegea. Kilabuni walisema watakatifu nao wamekwenda Ujerumani kutafuta kazi, watatuma pesa Krismasi. Nikacheka na wenzangu. Hata hivyo nilirundika majani na vumbi la mbao chini ya miti, mahali palepale pa siku zote, maana Margit angenisema.

Siku ya Pongrác ilikuwa na mawingu na uvuguvugu. Mchana, upepo ukageuka. Ukaja wa kaskazini, mkavu, ukafagia mawingu yote, halafu ukatulia ghafla, hakuna jani linalotikisika. Mtu wa Felrét hahitaji redio kumwambia maana yake. Jua lilipokuwa linazama nilikuwa bustanini nakagua marundo yangu, nikamsikia Amália kwenye uzio.

"Jirani."

"Naam."

"Kesho tunashinda."

"Kesho tunaungua," nikasema. "Wewe umefunika miche yako?"

Hakujibu hilo. Alikuwa ameshika ubao wa uzio kwa mikono miwili. "Dénes, usiwashe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie, akarudia.

"Moshi utaharibu kipimo. Emőke alisema digrii mbili. Tukipanda digrii mbili, Mohosd wanachukua. Hii ndiyo baridi ya mwisho, mpaka Novemba hakuna nyingine. Plamu zitazaa mwaka mwingine."

"Hii ni miti ya Margit."

"Najua ni ya nani. Nani aliyemshikia ngazi alipokuwa akichuma?"

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimwambia amerukwa na akili, kwamba yeye ni mtu wa kwanza tangu dunia iumbwe kuombea jalidi mwezi wa Mei. Nilimwambia kila mtu kijijini anamcheka kwa keki yake ya karanga, jambo ambalo si kweli, nilikuwa namcheka mimi tu. Na kwa kuwa hakurudi nyuma, nikamtolea na lile la mwisho.

"Mwanao angetaka kukupigia, angekupigia hata kuna joto."

Uso wake haukubadilika. Aliachia tu ubao, mkono mmoja, kisha wa pili. "Anapiga tukishinda," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Hatukushinda, ndiyo maana hakupiga." Akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Sikupata usingizi wa maana. Kabla hapajakucha nilitoka na kiberiti mfukoni. Nyasi zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, zinavunjika chini ya viatu. Hewa ilikuwa imesimama, na baridi nilikuwa naisikia inavyoteremka, inanipita miguuni, inakwenda kujikusanya kule kwenye kijisanduku cheupe. Maua yalikuwa bado mazuri. Maua ya plamu hayajui kitu mpaka jua liyaguse. Nikachuchumaa kwenye rundo la kwanza, nikatoa kiberiti.

Taa ya jikoni kwa Amália ilikuwa inawaka. Hakuwa dirishani. Redio ndiyo ilikuwa dirishani, ameiweka pale ambapo inashika vizuri, na kando yake ile simu ameisogeza kadiri waya ulivyofika.

Sikuwasha. Ningependa kusema ni huruma, lakini mimi si mtu wa huruma, muulizeni yeyote. Ni lile neno nililomwambia. Nilitaka simu ilie, nilitaka aje aniambie juu ya uzio kwamba nimesema upuuzi, na mimi nikubali. Plamu sita kwa kitu hicho niliona si bei mbaya. Nikarudisha kiberiti mfukoni, nikaenda kukaa jikoni gizani, sikulikoka jiko. Margit, kama unanisikia, najua ungesemaje.

Saa moja nilifungua redio. Mtangazaji alisoma miji yake, akatua, akavuta pumzi.

"Na baridi kuliko kwote nchini leo, kwenye sikukuu ya Szervác, ilikuwa Felrét. Digrii nne nukta mbili chini ya sifuri."

Nikasikia mlango wa jirani yangu wa tatu ukifunguliwa na mtu akipiga mluzi. Kijiji kizima maharage yameungua, viazi vimesinyaa vikawa vyeusi, na watu wanasimama barabarani kifua mbele. Emőke akapita na baiskeli, akaniambia Mohosd wamepata nne kamili. Nukta mbili. Moshi wangu ungetunyang'anya bila jasho.

Amália akatoka kwenda kwa kuku. Kitambaa cha Jumapili kichwani, asubuhi ya siku ya kazi. Akaona miti yangu. Jua lilikuwa limeifikia, na maua yalikuwa yameshaanza kuwa na rangi ya chai.

"Hukuwasha," akasema.

"Nililala. Nimechelewa kuamka."

"Aa," akasema. Akarudi ndani haraka, bila kuwapa kuku chakula, asije akaikosa simu.

Mimi sikuwa na kazi siku hiyo. Ningefanya kazi gani? Nilikaa dirishani. Kutoka kwangu naona jikoni kwake kote, na yeye anaona kwangu, hivyo ndivyo nyumba zilivyojengwa, na kwa kawaida tuna adabu ya kutotazamana. Siku hiyo nilitazama. Alikaa kwenye kiti kando ya simu, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Mtangazaji alimaliza matangazo ya vifo. Muziki ukaja. Nilijiambia pengine Botond yuko kwenye handaki, huko kwao milima yote imetobolewa. Nilijiambia pengine anapakia mzigo.

Mchana alisimama, akakata kipande cha ugali wa jana, akakila amesimama, macho kwenye simu. Mara moja alinyanyua mkono wa simu, akausikiliza, akaurudisha. Alikuwa anahakikisha kwamba ni nzima. Bustanini kwangu maua yalishakuwa ya kahawia, yameanza kudondoka, na nyuki mmoja mmoja walizunguka wakaondoka.

Ndipo nikaelewa nilichofanya, au nilichomsaidia kufanya. Kipupwe chote kile cha matope kilikuwa kimemsitiri. Hatukushinda, ndiyo maana hakupiga: kwa maneno hayo alikuwa ameishi toka Novemba, na yangemfikisha Novemba nyingine. Sasa tumeshinda. Nimemtolea plamu za Margit ili apate ushindi, na ushindi umemnyang'anya kisingizio chake cha mwisho. Nilitamani ningewasha. Nilitamani Felrét yote ingefuka moshi mpaka Mohosd.

Ilipofika saa kumi kitambaa cha Jumapili kilikuwa kimeteleza mabegani na hakukirudisha. Ningeweza kutoka, nikapita kwenye geti, nikagonga. Ni hatua chache. Lakini ningesema nini mlangoni? Pole? Kwa watu wetu pole husemwa kwa mfiwa, naye Botond mzima, yuko Ujerumani, anaendesha lori au haendeshi tena, nani ajuaye.

Ukutani kando ya simu yangu kuna namba ambazo Margit aliziandika kwa penseli. Ya daktari, ya padri, ya Amália. Sikuwahi kuipiga ya Amália maisha yangu yote, nampigia nini mtu ninayemsikia akipiga chafya? Nikaipiga.

Nilimwona anavyoruka. Kiti kilianguka. Hapo nikajua nimekosea, nikataka kukata, lakini alishanyanyua.

"Botond?"

"Si Botond," nikasema. "Ni mimi, Dénes."

Alikuwa amenipa mgongo, namwona mabega tu. Nilidhani ataikata, na angekuwa na haki. Nikafungua mdomo na yaliyotoka ni yale ninayoyajua kwa kuyasikia jikoni kwangu miaka yote.

"Nimesikia redioni mmeshinda."

Akageuka polepole. Akaniona dirishani, nami nikamwona. Hakuna aliyepunga mkono.

"Tumeshinda," akasema.

"Kuni zipo?"

"Zipo. Zimebaki nyingi."

"Bomba halijaganda?"

"Nililivika koti jana jioni." Akatua. "Na plamu zako?"

"Zimeungua."

"Zote?"

"Zote."

"Dénes, wewe hukulala. Nilikuona bustanini. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia naomba Mungu usiwashe." Nikasikia anavuta pumzi kwenye simu, na mabega yake yakapanda kule dirishani. "Alinisikia. Sasa sina tena kisingizio cha kumtetea mtoto."

Ningemwambia kuhusu mahandaki, lakini mwanamke huyo si mjinga, hajawahi kuwa mjinga siku hata moja. Tulikaa hivyo, kila mtu na simu sikioni, uzio uliopinda katikati. Paka wake alipita juu ya ubao, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake. Nilingoja aseme "haya," niseme "haya," tuagane.

Hakusema haya. Alikisimamisha kiti chake, akakaa, akauvuta waya wa simu mapajani kama alivyokuwa akifanya siku za ushindi.

"Na huko kwako," akaniuliza, "baridi ikoje?"

Nikageuka kutazama jikoni kwangu. Jiko halijakokwa toka jana, kikombe kimoja, mitungi imepangwa midomo chini. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Kali, jirani," nikasema. "Huku ni kali sana."